Ilimba inachelewa kwenye Raspberry Pi

Kaka, unalalamika kwamba ukipiga ilimba, ile ala ya fito za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kupitia Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo, sauti inachelewa kutoka. Ilimba haina kosa, na Pi 4 yako inatosha kabisa. Umesema JACK, programu inayopitisha sauti, umeiacha kwenye fremu 1024 (vipande vidogo vya sauti) kwa kila bafa (mahali sauti inaposubiri zamu), bafa 3, kwa 48,000 Hz, yaani fremu 48,000 kwa sekunde. Piga hesabu: 1024 × 3 ÷ 48,000 ni milisekunde 64, tena upande wa kutoka tu. Kidole gumba kimeshahamia ufito mwingine ndipo unausikia ule wa kwanza! Shusha iwe 128 × 3, unabaki na milisekunde 8. Ikikwaruza, panda 256, usijitese.

Ila kwanza iweke prosesa kwenye "performance", yaani kasi ya juu muda wote. Ikiachwa ipande na kushuka kasi yenyewe, mikwaruzo huanzia hapo. Akaunti yako iwe kwenye kundi la audio, lenye ruhusa ya rtprio, yaani kazi ya sauti kupewa kipaumbele. Zima Wi-Fi. Kadi ya sauti ya USB unayo, safi, maana kitundu cha hedifoni cha Pi hakipokei sauti.

Halafu joto. Pi yangu ilikuwa inakwaruza saa nane mchana tu, Oktoba hii ya Dodoma, kwenye boksi la plastiki lililozibwa. Ikifika nyuzi 80 inajipunguza kasi. Nilifunga kafeni kadogo, ikatulia.