Kabla ya Kaliba, Risasi: Nilivyompoteza Pofu wa Itigi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Dodoma aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kibali cha silaha nimepata, fedha ipo. Ninunue .300 Magnum au .375? Msimu ukifunguliwa nataka nyati." Nilianza kumjibu mara tatu, mara tatu nikafuta. Swali hilo la kaliba, yaani upana wa mtutu na risasi yake, niliwahi kuuliza mimi, na jibu nililopewa liliniumiza.

Nilinunua .300 Winchester Magnum. Duka sitalitaja. Muuzaji aliniambia mwendo ndio kila kitu, akanipa risasi za greni 150 (kama gramu 10), nyepesi, zinazotoka mtutuni kwa karibu mita 990 kwa sekunde. Kwenye shabaha ya karatasi, mita 200, nikaweka tatu ndani ya kiganja. Nilijivuna sana. Mgeni akifika nyumbani, bunduki ilitangulia chai.

Tukaingia porini upande wa Itigi, mkoani Singida. Anayekijua kichaka cha Itigi anajua kwamba mara nyingi huoni zaidi ya hatua thelathini au arobaini. Mfuata nyayo wetu alikuwa mzee wa Kisandawe kutoka Kwa Mtoro, mtu aliyekua na upinde mkononi. Penye uwazi kidogo alinigusa begani. Pofu dume, yule swala mkubwa kuliko swala wote, alikuwa ametuonyesha ubavu, hatua kama hamsini. Nikalenga bega, nikafyatua.

Alipiga magoti, akainuka, akaondoka. Damu ilikuwa tone hapa, tone kule, nyeusinyeusi, haina povu. Mzee aliigusa kwa kidole akasema, "Mapafu hayajafikiwa, mwanangu." Tulifuata mpaka giza, tukalala palepale, tukafuata tena. Siku ya pili saa nne asubuhi, tai ndio waliotuonyesha. Fisi walikuwa wamemla nusu. Mzee akapasua bega lililosalia: risasi ilikuwa imesambaratika kwenye mfupa, na kipande kilichofika mbali kilikwama kwenye ubavu. Hakunisema. Alivikusanya vile vipande, akaniwekea kiganjani, akaenda kukaa peke yake. Mwenzangu mmoja akaitangaza habari kambini, na mpaka leo kuna watu Manyoni wananiita Fundi Karatasi. Bado inaniuma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujaniuliza kaliba, niambie unapakia risasi gani. Risasi nyepesi yenye mwendo mkali ikikutana na mfupa kwa karibu hupasuka kabla haijaingia ndani. Nzito inayokwenda taratibu hufunguka huku ikiendelea na safari. Mmarekani John Nosler yalimkuta kama yangu mwaka 1946 huko Canada: alimpiga moose, mnyama mkubwa kuliko ng'ombe, na risasi zikashindwa kuzama. Akaenda kutengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati, mbele ifunguke, nyuma ibaki nzima. Aina hiyo inauzwa hadi leo. Zipo pia za shaba tupu, ambazo hazina ndani yake madini laini ya risasi (lead) ya kumeguka.

Mimi sasa natumia .375 Holland & Holland, kaliba ya tangu 1912, na risasi ya greni 300, yaani gramu 19 na ushee, inayotoka kwa mita 770 hivi kwa sekunde. Kwa pofu, tandala na palahala napakia laini, yaani risasi inayofunguka ikigonga, iliyoungwa barabara na ganda lake. Kwa nyati, ya kwanza laini, zinazofuata ngumu, zile zisizofunguka. Ngumu inaweza kumpita mlengwa ikamjeruhi wa nyuma yake, na nyati hukaa kundini. Lakini akishajeruhiwa akakupa mgongo, ni ngumu tu itakayofika moyoni.

Na kwa nyati hapa kwetu .375 ndiyo kiwango cha chini, kwa hiyo ile .300 iache. Usiniletee habari za Bell, yule mwindaji Mskoti wa zamani aliyewaangusha tembo wa Karamoja, Uganda, kwa 7x57, kaliba ndogo ya milimita 7. Bell alitumia risasi ngumu, ndefu, na alilijua fuvu la tembo kama mchinjaji anavyojua viungo vya mbuzi. Wewe bado. Wala usikimbilie .458 ya greni 500 ili uonekane dume. Teke lake litakufundisha kufumba macho kabla hujafyatua, na tabia hiyo haitoki upesi. Nunua .375, risasi nzito, na fedha iliyobaki ichome kwenye mazoezi: umesimama, umepiga goti, unahema baada ya kukimbia. Risasi nzito, nasisitiza. Mnyama akiteseka siku mbili kwa sababu ulitaka mwendo wa kujisifia, hilo ni lako, si la muuzaji. Nimelibeba, nalijua uzito wake.

Msimu uliopita nilirudi na mzee yuleyule. Pofu dume tena, hatua sitini, bega lilelile. Alikwenda kama hatua ishirini akalala. Tulipomchuna tuliikuta risasi chini ya ngozi ya upande wa pili, imefunguka kama uyoga, kitako chake kizima. Mzee akaifuta kwa jani, akaigeuzageuza, akaniomba aende nayo Kwa Mtoro. Nikampa.