Rolv Wesenlund ndiye Fleksnes
Ndugu, unauliza kama Marve Fleksnes alikuwa mtu wa kweli. Hapana. Ni mhusika wa televisheni tu, na aliyemwigiza ni Rolv Wesenlund, mzaliwa wa Horten, Norwei, mwaka 1936. Alianzia kwenye jazi akipuliza klarineti na saksafoni, kisha akaungana na Harald Heide-Steen Jr. kwenye vichekesho. Fleksnes alianza kuonekana NRK, shirika la utangazaji la Norwei, mwaka 1972: kapera mjuaji, mbishi, kila akijitia kimbelembele anaumbuka. Visa vingi vilitokana na vya mchekeshaji Tony Hancock wa Uingereza, lakini Wesenlund alimgeuza Mnorwe hasa, hata Waswidi wakampenda. Kwangu mimi, uso ule mkavu ulichekesha kuliko maneno. Wesenlund alifariki Agosti 2013, akiwa na miaka 76.