Shafti nyembamba na kipande cha kabidi
Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza kwa nini shafti nyembamba ya boti hutetemeka unapoikereza, ilhali kipande chako cha kabidi (kisu kidogo kigumu sana cha kukatia chuma), chenye msimbo CNMG 120408, ni kipya. Herufi N kwenye msimbo huo huonesha kwamba ubavu wake hauna mwinamo. Ndiyo maana hugeuzwa pande zote mbili na kukupa ncha nne, lakini huisukuma shafti kwa nguvu, na hapo huzuka zile alama kama magamba ya samaki. Tumia kipande cha aina ya CCMT yenye mviringo wa ncha wa milimita 0.4, ambayo ubavu wake umeinama nyuzi 7, ingawa utapata ncha mbili tu na itakubidi ubadilishe kishikio cha chuma kinachoishika kwenye mashine.