Ukitaka sola ipite Texas, usianze na tabianchi

Mkaguzi wa manispaa alitoa rula mfukoni akapima kibandiko. Kibandiko chekundu cha plastiki, kwenye boksi la umeme ubavuni mwa nyumba yangu, cha kuwaambia zimamoto kwamba hapa kuna sola na swichi ya kuizima ni hii. Herufi zake zilikuwa ndogo kuliko kanuni inavyotaka. Akabonyeza simu yake, akaandika kwamba kazi imekataliwa, akaniaga kwa upole kabisa, akaenda zake. Kumpata tena ilichukua wiki tatu, na wiki zote hizo paneli 18 zilikaa juu ya paa zikiota jua la Julai bila kuwasha hata balbu moja.

Ninaishi kaskazini mwa Dallas, mwaka wa kumi na tatu huu. Kufunga ile sola kulichukua siku moja na nusu. Vibali, michoro, ukaguzi na ruhusa ya kuunganishwa kwenye gridi vilichukua miezi minne na ushee. Nilipomsimulia mjomba wangu aliyeko Tabora alicheka mpaka akakohoa. Yeye paneli yake aliinunua Kariakoo, ikasafiri kwa basi imefungwa ndani ya godoro, fundi akapanda juu ya bati saa nane mchana, na saa mbili usiku walikuwa wanatazama taarifa ya habari. "Sasa mjomba," akaniuliza, "na huko ndiko Ulaya?" Kwake yeye ng'ambo yote ni Ulaya.

Naandika kwa ajili ya ndugu zangu mlioko kwenye majimbo kama haya, Texas, Utah, Georgia, Iowa, ambako serikali ya jimbo iko mikononi mwa Warepublican na majirani wengi ni wahafidhina. Wengi mnaniuliza nilipitaje. Nilipita vibaya kwanza, ndipo nikapita vizuri.

Vibaya ilikuwa hivi. Kabla hata ya manispaa kuna HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa, ambacho kina usemi mpaka kwenye rangi ya mlango wako. Kamati yao ilitaka paneli ziwekwe upande wa nyuma ili zisionekane barabarani. Upande wa nyuma wa nyumba yangu unatazama kaskazini, na jua la huku hupita kusini. Nikaenda kwenye kikao nimejiandaa kama mhadhiri: joto la dunia, barafu ya Kilimanjaro inavyoyeyuka, kesho ya watoto wetu. Nilipofika kwenye barafu nikaona mama mmoja anatazama saa. Tukapigiwa kura, nikashindwa.

Tulipotoka, jirani yangu wa kushoto, mstaafu wa jeshi la majini mwenye bendera ya taifa mbele ya nyumba mwaka mzima, akanifuata kwenye maegesho. Akanieleza bila kuzunguka kwamba aliacha kunisikiliza neno tabianchi liliponitoka. Lakini je, kamati ina haki gani ya kumpangia mtu paa alilolilipia yeye mwenyewe? Hilo lilimkera. Kwa hilo alikuwa tayari kuja kikao kijacho kusimama upande wangu. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba nilikuwa nimebeba ufunguo wa mlango mwingine.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma sheria. Kumbe Texas, tena chini ya gavana Rick Perry, Mrepublican, ilipitisha sheria mwaka 2011 inayozuia vyama vya wenye nyumba kupiga marufuku sola. Wanaweza kukuonyesha mahali pa kuweka, sawa, lakini ukithibitisha kwamba mahali unapotaka wewe patazalisha umeme zaidi kwa asilimia zaidi ya 10 kuliko pale walipopanga wao, wanakosa nguvu. Na kuthibitisha si kwa maneno. Sheria inataka utumie kikokotoo cha maabara ya taifa ya nishati jadidifu, kiko bure kwenye intaneti, kinaitwa PVWatts. Unaingiza anwani, mwinuko wa paa na upande linakotazama, kinakupa kilowati-saa za mwaka. Nilichapisha karatasi mbili, moja ya kusini na moja ya kaskazini, nikaziweka mezani pamoja na nakala ya kifungu. Kikao hicho hakikufika dakika kumi, na jirani yangu hata hakupata nafasi ya kusema aliyokuja nayo. Aliudhika kidogo.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: kabla hujabishana na mtu, tafuta sheria iliyotungwa na watu wa upande wake. Zipo nyingi kuliko tunavyodhani. Soko huria la umeme la Texas lilitokana na sheria ya mwaka 1999 iliyosainiwa na George W. Bush akiwa gavana, na sheria hiyohiyo ndiyo iliyoweka lengo la kwanza la jimbo la umeme jadidifu. Iowa ilikuwa jimbo la kwanza kuyataka makampuni yanunue umeme wa namna hiyo, mwaka 1983, chini ya gavana Terry Branstad, Mrepublican. Nafuu ya kodi ya umeme wa upepo ya mwaka 1992 ilisukumwa na Chuck Grassley, seneta Mrepublican wa hukohuko Iowa. Georgia mwaka 2013, mwanamama Debbie Dooley, mmoja wa waanzilishi wa Tea Party, vuguvugu la wahafidhina, alishikana mikono na wanamazingira kuitaka kampuni kubwa ya umeme ifungue mlango kwa sola. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni isiyo na mshindani si soko huria. Tume ya jimbo inayosimamia umeme, Warepublican watupu, ikaiagiza kampuni iongeze megawati 525 za jua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Utah. Ujerumani watu wa kwenye maghorofa wananing'iniza paneli moja au mbili kwenye roshani na kuzichomeka kwenye soketi ya kawaida kama unavyochomeka pasi. Marekani jambo hilo lilikwama kwa sababu kila kinachounganishwa na gridi kilidai mkataba na kampuni ya umeme. Mwaka 2025 mbunge mmoja wa Utah, Raymond Ward, daktari na Mrepublican, akaleta muswada: mtambo usiozidi wati 1,200, uliopimwa usalama, usidaiwe mkataba wala ada. Ukapita, gavana Spencer Cox akausaini. Hakuna ruzuku ndani yake wala kodi mpya. Umeondoa karatasi tu.

Ukiwa na mifano mitatu ya aina hiyo mfukoni, mazungumzo yanabadilika. Husemi tena "tuokoe dunia", unasema "mbona nazuiwa". Kuna atakayeniona mnafiki. Mimi tabianchi naiamini na inanitisha, mashamba ya kwetu Tabora yananionyesha. Lakini jirani yangu hahitaji kuamini ninachoamini ili paneli zifanye kazi. Elektroni haiulizi uliipigia kura chama gani.

Vikwazo vikubwa haviko kwenye paa la mtu. Viko kwenye nyaya. Kuna njia ya umeme iitwayo TransWest Express, ya kuutoa umeme wa upepo Wyoming kuupeleka kusini-magharibi. Ilisubiri vibali zaidi ya miaka 15, ruhusa ya kuanza ujenzi ikatoka Aprili 2023. Sehemu ya muda huo ililiwa na tathmini za mazingira chini ya sheria aliyoisaini rais Nixon mwaka 1970. Sheria ya kulinda mazingira inachelewesha umeme usio na moshi! Mwaka huo wa 2023 bunge la taifa likaweka kikomo: tathmini kamili imalizike ndani ya miaka miwili, na kwa kawaida isizidi kurasa 150. Wahafidhina ndio waliolisukuma sana, na hapo mimi niko nao.

Ila msifuate wimbo wote. Kuna mahali wanateleza, na ukiwa mkweli ndipo wanapokuheshimu. Texas inajisifia upepo wake kwamba umeletwa na soko, na kweli inaongoza Marekani nzima. Lakini mitambo iliyoko magharibi isingefika kokote bila njia za umeme zenye urefu wa zaidi ya kilomita 5,000 ambazo jimbo liliamuru zijengwe, zikakamilika kati ya 2013 na 2014, kwa karibu dola bilioni 7 zilizolipwa na wateja wote kwenye bili. Mkono wa serikali ulikuwepo, tena mnene.

Halafu kuna Februari 2021, baridi kali ilipoangusha umeme wa Texas. Familia yangu tulilala sote chumba kimoja usiku tatu, makoti mwilini, maji yameganda kwenye bomba, na rafiki mmoja ananishauri kwa simu niwashe jiko la mkaa ndani. Nilikataa, wako walioumia kwa njia hiyo. Jimbo lilihesabu vifo 246. Hapa mtaani utaambiwa mapangaboi ya upepo yaliganda. Usikatae, ni kweli yaliganda. Ongeza tu kwamba mitambo na mabomba ya gesi ndiyo yaliyoangusha umeme mwingi zaidi, na kwamba hakuna aliyekuwa amelazimishwa kuikinga mitambo yake na baridi. Kanuni nyingine zinazuia watu kufa. Rula ya mkaguzi wangu ilikuwa upuuzi wa wiki tatu, lakini swichi yenyewe ya kuizima sola inamlinda zimamoto asipigwe na umeme juu ya paa, na hiyo sitaki ifutwe. Ukiomba vibali vipunguzwe, taja kibali gani, siku ngapi, dola ngapi.

Nilikuwa na karatasi yenye mambo hayo matatu nilipokwenda Austin, mji mkuu wa Texas, masika ya 2025. Safari hiyo upepo ulikuwa umegeuka: wahafidhina haohao walileta muswada, SB 819, wa kuidai miradi mikubwa ya upepo na jua kibali maalumu cha jimbo, kibali ambacho mitambo ya gesi isingedaiwa. Nilikuta ukumbi wa bunge la jimbo umejaa kofia za wafugaji. Unajiandikisha, unasubiri masaa, unapewa dakika chache. Hakuna aliyeniuliza kadi ya kura. Lafudhi yangu ilinitia hofu nilipokuwa kwenye foleni, lakini mzee aliyenitangulia alikuwa na lafudhi nzito kuliko yangu, ya magharibi ya Texas, nilishika nusu tu. Nusu hiyo ilitosha: kodi anayolipwa kwa mapangaboi yaliyo kwenye ranchi yake ndiyo iliyomwezesha asiuze ardhi ya babu yake miaka ya ukame. Maseneta walioinama kwenye simu zao waliinua vichwa. Muswada ulipita Seneti, ukafia kwenye baraza la wawakilishi.

Kama unafikiria kufunga sola sasa, ujue nafuu ya kodi ya asilimia 30 kutoka serikali ya taifa kwa mwenye nyumba iliisha mwisho wa 2025. Anayekuja mlangoni jioni na kompyuta kibao akikwambia "serikali italipia" anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Omba nakala ya mkataba, lala nayo siku mbili, angalia kama malipo yanapanda kila mwaka. Nawajua Watanzania wawili waliosaini miaka 25 wakiwa wamesimama kizingitini, mmoja kwa kidole kwenye skrini.

Kuna sheria nyingine iliyopita 2025, SB 1202, inayomruhusu mwenye nyumba Texas kutumia mkaguzi binafsi mwenye sifa kwa ajili ya umeme wa akiba wa nyumbani, badala ya kuisubiri manispaa. Jirani yangu mstaafu ameichangamkia. Anafunga betri mbili na paneli 12, upande wa mbele kabisa, unaoonekana barabarani. Jumamosi iliyopita alinigongea kuuliza saizi ya herufi za kibandiko. Nilikuwa nimenunua pakiti ya kumi. Nikampa viwili.