Ukitaka kuandika habari za mchoraji, anza na bodi na rangi

Maelezo mengi yanayobandikwa kando ya picha kwenye maonyesho hayana mtu ndani yake. Yanasema msanii alipenda kuchora tangu utotoni na kazi zake zinaonyesha uzuri wa Afrika. Maneno hayo yanamfaa kila mchoraji, kwa hiyo hayamwelezi hata mmoja. Kasoro huanzia kwenye swali. Ukimuuliza mchoraji mzee amepata wapi msukumo, atakupa jibu lile lile analowapa wageni wote. Muulize bodi anayochorea alinunua wapi na nani alimlipia, na hapo ndipo maisha yake yanapoanza kutoka.

Chukua habari za Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi kwenye mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hayo ni sahihi, lakini bado humwoni. Sasa weka vifaa vyake mkononi: bodi za dari na rangi za kupakia baiskeli. Picha zake nyingi ni za mraba, karibu sentimita 60 kila upande. Shiti ya bodi ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubaki hata ukanda. Rangi ile ya mafuta hung'aa na huchelewa kukauka. Ukiweka rangi juu ya nyingine ikiwa mbichi, zinachafuana. Hivyo anayeitumia hulazimika kupaka rangi ya nyuma bapa, kuiacha ikauke, ndipo amweke mnyama mwenye kingo zilizokatika vizuri. Hapo unaona mtu wa kipato kidogo akiamua kwa akili nini kinawezekana. Tena picha hazikujiuza zenyewe: mkewe, Agatha, alihusika kuziuza, na soko lao lilikuwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, walipokuwa wakinunua mahitaji yao wageni wengi.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Waandishi wengi huanza na risasi hiyo na kumalizia nayo. Naona ni kumdhulumu. Alichora kwa takriban miaka 4 tu, na ndani ya muda huo aliwafundisha kina Ajaba Mtalia, Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu na Kasper Tedo, walioendeleza kazi hadi mtindo mzima ukabeba jina lake. Mafunzo hayo yanastahili aya nyingi kuliko usiku ule mmoja.

Ukienda kwa mchoraji, mkute anapofanyia kazi, usimwite hotelini. Siku ya kwanza toa shikamoo, kaa, tazama, simu ibaki mfukoni. Siku ya kurekodi, iweke kwenye hali ya ndege, zima feni, na uisogeze kama shibiri moja na nusu kutoka kinywani mwake. Usiilaze mezani anapogongea fremu, maana kila pigo la nyundo litafunika neno. Dakika 40 zinatosha; kuziandika neno kwa neno kutakuchukua saa 3 au 4, na fanya hivyo siku hiyo hiyo wakati bado unakumbuka alichokionyesha kwa kidole aliposema "hii". Nakili sauti mahali pawili kabla hujalala.

Maswali yanayozaa ni ya kazi. Mwalimu wako alikupa kazi gani siku ya kwanza? Ulipaka rangi za nyuma muda gani kabla ya kuruhusiwa kuchora jicho la mnyama? Picha ya kwanza kuuzwa, pesa zilinunua nini? Nani nyumbani alipinga? Swali la mwisho uliulize faragha, mke na watoto wasiwepo. Kisha nao waulize peke yao. Wakitofautiana, andika kauli zote na useme ipi ni ya nani.

Miaka ndiyo huharibika zaidi. Usimlazimishe mzee ataje mwaka, atakutajia wowote ili muendelee. Mtafutie nguzo: ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, 1967? Vita vya Kagera, 1978 na 1979, vilikukuta umeshaoa? Sokoine alipofariki, 1984, ulikuwa bado unakaa kwa mwalimu wako? Mvua za El Niño, 1997 na 1998, ziliharibu picha? Kwa Zanzibar tumia Mapinduzi ya 1964, kwa Kenya kifo cha Kenyatta, 1978. Nguzo mbili zikikubaliana, andika "kati ya" mwaka huu na ule.

Uliza pia ni mikono ya nani. Katika karakana nyingi kijana hupaka rangi ya nyuma na nukta, mkubwa akachora wanyama na kuweka sahihi. Huo ni utaratibu wa kazi, hauna aibu, ila kijana ana jina na jina hilo liandikwe. Usidharau kazi nyingine za msanii pia: George Lilanga, akiwa tayari anajua kuchonga, aliingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kwa kazi ya ulinzi.

Picha yenyewe ipige kivulini bila flashi, kwa sababu rangi ya mafuta hurudisha mwanga na kuacha doa jeupe. Piga mbele, sahihi kwa karibu, na mgongo wake. Mgongoni ndiko kuna bei ya zamani, muhuri wa duka, wakati mwingine jina la aliyeagiza. Pima kwa sentimita, urefu wa kwenda juu kwanza. Kama ni kitambaa na lazima ukikunje, kiviringishe rangi ikiwa nje, tena ikiwa imekauka kabisa. Ikiwa ndani husongamana na kupata mikunjo, na ikiwa mbichi hugandana.

Ukimaliza kuandika, rudi umsomee yote kwa sauti, pamoja na sehemu unazodhani atazipenda. Akisema jambo fulani litoke kwa sababu ya familia, litoke. Ruhusa ya kuchapisha picha iombe kwa maandishi kwake, hata kama picha umeinunua, kwa kuwa kununua bodi hakukupi hakimiliki. Mwachie nakala iliyochapwa kwa herufi kubwa, na rekodi yake kwenye simu ya mwanawe.