Kwako unayeanza kusoma miswada upande wa kaunti

Ukiajiriwa katika ofisi ya sheria ya kaunti, au ukipangiwa ukarani wa kamati kwenye bunge la kaunti, utakabidhiwa Katiba ya Kenya ya 2010 na kuambiwa ulisome Jedwali la Nne, lile linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Lisome. Lakini ukishajua kwamba zahanati ni za kaunti na sera ya afya ni ya serikali ya kitaifa, usidhani umemaliza. Katika kazi hii nimeona mamlaka ya kaunti yakipungua bila mtu kugusa hata neno moja la Jedwali hilo. Hupunguzwa kwenye vifungu vidogo vya miswada ya kawaida, vile ambavyo mjadala wa bungeni huvipita kwa sababu havina maneno mazito.

Ndiyo maana nawaomba vijana wanaoingia ofisini wasianzie kwenye madhumuni ya mswada. Madhumuni huandikwa vizuri kila mara. Nenda kwenye vifungu vya utekelezaji uulize: nani anatoa leseni? Nani anateua bodi? Nani anatunga kanuni, na je, ni lazima ashauriane na kaunti au atafanya hivyo akipenda? Ada ikilipwa, inaingia katika hazina gani? Kuna miswada inayozitaja kaunti kwa heshima tangu ukurasa wa kwanza, halafu ukifika sehemu ya kanuni na fedha unamkuta Waziri peke yake.

Kamari ni mfano mzuri wa kujifunzia. Jedwali linaipa kaunti kamari na kasino, na papo hapo linaipa serikali ya kitaifa kamari ya kitaifa. Zamani mpaka ungeonekana kwa macho: jengo liko hapa, wachezaji wako hapa, leseni inatoka hapa. Leo mchezaji yuko Kitui, pesa zinapita kwenye simu, na kampuni ina ofisi Nairobi. Mchezo huo ni wa nani? Katiba haijibu, kwa hiyo anayeandika mswada ulio makini ndiye anayechora mpaka. Leseni za pombe nazo zilikuwa na sokomoko lao. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 ilizikuta kaunti hazijaanza, ikaweka kamati za wilaya; serikali za kaunti zilipoingia kazini 2013, kazi ikawa tayari ni yao kikatiba huku sheria ya kitaifa ikiendelea kuzungumza na wilaya. Kaunti iliyojitungia sheria yake mapema ilikuwa na mahali pa kusimama.

Mlango ulio bora kuliko yote wa kutetea mamlaka hayo ni Seneti, bunge linalowakilisha kaunti, na watu wengi huugonga wakiwa wamechelewa. Kifungu cha 110 cha Katiba kinataka maspika wa mabunge yote mawili, Seneti na Bunge la Taifa, waamue kwa pamoja, kabla mswada haujaanza kujadiliwa, kama unahusu kaunti na hivyo ni lazima upite Seneti. Mwaka 2013, kwenye mvutano kuhusu mswada wa ugavi wa mapato kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, Mahakama ya Juu ilitoa ushauri uliosoma maneno hayo ya “kuhusu kaunti” kwa upana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikabatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Basi kabla hujaandika waraka mrefu wa maoni, uliza kama maspika wamekwisha kukubaliana kuhusu mswada huo. Kama bado, waraka wako wa kwanza uwe juu ya hilo tu, na uwe mfupi.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ile asilimia 15 ya mapato ya kitaifa inayotengewa kaunti, na inayotajwa kila mahali, ni kiwango cha chini, na hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Hesabu hizo zikichelewa, kaunti inapimiwa kwa mapato ya miaka iliyopita. Kila unapoona tarakimu, uliza ni ya mwaka gani wa hesabu.

Na tafadhali usiitetee kaunti hata inapokosea. Lori la viazi linalolipishwa ushuru kwenye kila kizuizi hadi sokoni linamwumiza mkulima, na Kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru uchumi unaovuka mipaka yake au usafirishaji wa bidhaa nchini. Ukimpa gavana ushauri wa kumfurahisha leo, mahakama itamwambia ukweli baadaye, tena hadharani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi. Utasikia hata wanasheria wakisema kwamba sheria mbili zikigongana, ya kitaifa hushinda. Kifungu cha 191 hakisemi hivyo. Sheria ya kitaifa hushinda ikitimiza masharti: kwa mfano iwe inatumika kwa usawa nchi nzima, na jambo lenyewe liwe haliwezi kusimamiwa vyema na kaunti mojamoja, au linahitaji viwango vya pamoja, au linagusa usalama wa taifa, mazingira, soko la pamoja. Isipotimiza, ya kaunti ndiyo inayoshinda. Mahakama nayo imeagizwa kupendelea tafsiri ya busara inayoepusha mgongano. Kwa hiyo usikubali barua ya wizara inayodai ukuu bila kutaja sharti lipi limetimizwa. Ijibu kwa upole, ukiomba litajwe.

Hata mkishindwa, soma kifungu kidogo cha 6. Sheria iliyoshindwa haifutiki; inakosa nguvu kwa kiasi kile tu inachogongana na nyingine. Mara nyingi nimewazuia wakubwa waliotaka kuondoa sheria nzima ya kaunti siku iliyofuata uamuzi, wakati mahakama ilikuwa imegusa vifungu viwili au vitatu. Pitia uamuzi ukiwa na sheria yenyewe mkononi, weka alama kwenye vifungu vilivyosimamishwa, kisha waandikie maafisa wa wadi uwaeleze ni vifungu gani vingine wanaendelea kuvitekeleza.