Kana na kingo za msaji: vanishi, mafuta au rangi?

Ndugu uliyeuliza upake nini kingo na kana (mpini wa usukani) ya msaji, yaani mbao ya mtiki, ya mashua yako ya futi 18: mie niko Wete, Pemba, nina mashua ya kiasi hichohicho, na vanishi, mafuta na rangi vyote nimeshavipaka. Usianze na kipi kinapendeza. Jiulize kwanza utakirudia mara ngapi kwa mwaka.

Mie nilianza na vanishi. Duka moja liliniuzia kopo la vanishi ya milango na makabati, nami sikusoma. Wiki mbili za mwanzo kila apitaye pwani anasimama kutazama. Ikaja kaskazi na jua lake: kwanza ikawa manjano, halafu ikafanya nyufa nyembamba kama ganda la yai lililogongwa. Maji ya chumvi yakapenya chini. Ukiparuza kwa ukucha, inanyanyuka kama gamba la changu, na mbao chini yake ina madoa meusi ambayo msasa haujayamaliza hadi leo.

Ile ya vyombo vya baharini ina dawa ya kuhimili miale ya jua. Ukiamua vanishi, nunua hiyo. Msaji una mafuta yake wenyewe, kwa hiyo ufute kwa kitambaa chenye thina ndipo upake. Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, changanya na thina nusu kwa nusu ili uzame, wa pili punguza thina, inayofuata iwe mizito, yote isipungue sita, na kati ya mkono na mkono pitisha msasa laini. Paka asubuhi umande ukishakauka, tena kivulini. Saa sita juani inatoa mapovu. Jioni umande unaifubaza. Kisha kila miezi mitatu minne ongeza mkono mmoja kabla haijapasuka, maana ikishapasuka ni kukwangua mpaka ubaoni.

Wazee walipaka sifa, mafuta ya ini la papa, mbao za juu ya maji, na chini wakapiga deheni ya chokaa na shahamu. Sifa haipasuki hata siku moja, lakini harufu yake! Nilipoipaka nilivuliwa nguo mlangoni. Nikahamia mafuta ya kitani, yakaja masika ya Pemba, mbao ikaota kuvu nyeusi. (Matambara ya mafuta hayo usiyafumbate ukayatupa pembeni, hujiwasha moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke.)

Sasa kingo zangu zina rangi nyeupe ya mafuta juu ya praima, rangi ya msingi. Fundi mmoja alinicheka, ati nimeuficha msaji. Acheke tu, yeye hakwangui. Nyeupe haishiki joto, na ikichubuka nagusia pale pale. Vanishi nimeibakiza kwenye kana tu, kwa kuwa naichomoa na kurudi nayo nyumbani. Foromali, ule mti unaobeba tanga, nisingeigusa kwa vanishi, kamba zinaisugua kila siku.

Kama yako inalala juani bila turubai, kingo zipige rangi. Ila usianze kabla mvua za masika hazijakatika, na ukingoja Juni tafuta banda: upepo wa kusi unapuliza mchanga, na mchanga ukinasa kwenye vanishi mbichi utarudi kwenye msasa.